Daftari la Vipimo

Klabu ya gofu ina ubao langoni,
rangi ya kijani, maandishi meupe. Nimeyahifadhi,
maana nilisimamishwa mbele yake dakika arobaini,
jua la saa saba likinisoma utosini:
fulana isiyo kola, marufuku;
jinzi, marufuku;
kandambili, kanga, kikoi, marufuku;
kanzu, kwa kibali cha katibu.

Kanzu!
Vazi linaloingia msikiti wa Ijumaa bila kubisha hodi,
linalooa, linalozika,
hapa liombe ruhusa kwa mtu aliyevaa kaptura.

Nilikuwa nimefuata deni langu.
Mlinzi, kijana wa Pongwe, alisema huku akitazama viatu vyake:
"Mama fundi, mlango wa jikoni."

Sikwenda jikoni. Nilirudi Ngamiani,
barabara ya kumi na mbili, penye cherehani yangu,
nikafungua daftari.

Maana klabu ile naijua ilivyo chini ya nguo.
Shingo ya mweka hazina: kumi na saba, na inanenepa
tangu achaguliwe.
Kiuno cha katibu nimekiachia mara tatu,
kitambaa cha akiba kimekwisha, sasa
kinashikiliwa na kipande cha turubai.
Kola zao zikichakaa nazigeuza, ndani kuje nje,
wanakwenda kukaa kwenye viti vya ngozi
na kuzicheka kola za wenzao.
Yote yamo humu, kwa penseli, kwa inchi.

Singano, mtoto wa marehemu dada yangu,
amebeba mikoba yao miaka kumi na mmoja.
Jumatatu, wenyewe wasipokuwapo,
kedi huchezea virungu vilivyotupwa, miguu mitupu kwenye umande.
Mwaka huu mfadhili alitaka picha nzuri,
kedi wakaruhusiwa kushindana.
Singano akawashinda wote kwa mapigo manne.

Akaja mbio, majani yamemganda kwenye nyayo.
"Mama mdogo, kombe wanatoa saa moja, ukumbini.
Bila koti siingii."
Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo.

Koti ni kazi ya siku nne.
Nikatazama msumarini.
Koti la nahodha, la buluu, lipo pale tangu Mfunguo Mosi,
halijalipiwa, halijaulizwa, vumbi limekaa mabegani
kama limepandishwa cheo.
Nikang'oa vile vifungo vya dhahabu ya uongo, nikatia vya pembe,
nikabana mbavu, nikashusha mikono,
uzi nikaukata kwa meno.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.
Basi hawakuwa mafundi.

Akanihadithia usiku ule:
mlinzi alipiga saluti kabla hajamtambua.
Nahodha akampa kombe, akampa mkono,
kisha akashika ukosi wa koti,
akaupapasa kwa dole gumba, taratibu,
kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.
"Kitu cha nje hiki," akamwambia mkewe.
"Umeona? Mtu akivaa, anakuwa mtu."
Singano akasema asante. Baadaye
akajaza kombe maji ya bomba akanywa,
maana hakuna aliyemuuliza anakunywa nini.

Jumatano gari likasimama nje,
kubwa, limeziba mlango wa muuza kachori.
Nahodha mwenyewe. Akainama kuingia.
"Fundi, yule kijana wako alivaa koti. Nataka kama lile."
"Kama lile?"
"Lile lile."

Sikucheka, Mungu shahidi yangu.
Nikamwonyesha jamvi.
"Viatu, bwana. Hapa haviingii."
Akatazama huku na huku akitafuta ubao.
Ubao sina. Akavivua.

Nikachukua futi:
bega, kifua, tumbo mara mbili.
Deni la zamani juu, jipya chini yake,
nikapiga mstari, nikamtajia jumla, akalipa papo hapo.

Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole kinachungulia.
Nikalamba ncha ya penseli,
nikaliandika nalo.